Maswali ya Wasomaji: Kwa Nini Maji Hayapati Moto?

Kipupwe kimeingia, na kama ilivyo kila mwaka ifikapo Juni, barua nyingi zilizofika katika safu hii zinahusu maji yasiyopata moto. Nimechagua nne. Zinatofautiana kwa mahali na kwa mtambo, lakini zote zinafunza jambo moja ambalo nimekuwa nikilisisitiza kwa vijana ninaofanya nao kazi: kabla ya kununua kifaa chochote, lifuate joto kwa mkono wako, kuanzia linapozalishwa hadi linapotumika, mpaka upate mahali linapopotelea. Kifaa kinachobadilishwa bila kufanya hivyo kimebadilishwa kwa kubahatisha, na gharama ya kubahatisha hulipwa na mwenye nyumba.

SWALI: Ndugu Mtaalamu, salaam. Nyumbani kwetu Ilazo tuna sola hita ya mirija ya kioo, mirija 20, yenye tanki la lita 200, tuliyoifunga juu ya paa tulipohamia miaka mitano iliyopita. Tangu Mei maji yamekuwa vuguvugu tu. Fundi wa kwanza alibadilisha thamostati, wa pili akabadilisha elementi, na sasa tunaambiwa kwamba hita imechoka na tununue nyingine. Uniti za LUKU zinakwisha haraka kwa sababu tunawasha umeme kila jioni. Kinachonishangaza ni kwamba siku ambazo maji ya bomba la mtaani hayatoki, nasi tunatumia ya tanki la akiba la kwenye mnara, tunaoga maji ya moto kabisa. Siku ambazo maji yanatoka kwa nguvu, juu ya paa kuna maji yanayodondoka kutoka kwenye kile kibomba kilichosimama juu ya tanki la hita. Aprili tulifunga shawa mpya yenye miksa na mpira mrefu, nayo haina tatizo. Je, ninunue hita nyingine? — Mama wa watoto watatu, Ilazo, Dodoma.

JIBU: Mama, asante kwa barua yenye maelezo ya kina, na jibu langu ni kwamba usinunue hita nyingine. Mambo mawili uliyoyataja kama vioja, yaani maji kuwa ya moto siku ambazo bomba la mtaani limekauka, na kibomba cha juu kudondosha maji siku ambazo bomba lina nguvu, ndiyo yanayoonyesha ugonjwa ulipo. Hita ambayo imechoka kweli haiwezi kuchagua siku za kufanya kazi. Kwa maelezo haya, hita yenu inachemsha vizuri, isipokuwa maji ya baridi yanaingia ndani yake kwa kupitia bafuni.

Naomba nieleze inavyotokea, kwa sababu ni tatizo ninalokutana nalo mara nyingi katika nyumba mpya za Dodoma na ambalo mafundi wengi hawalitafuti. Tanki la hita ya aina yenu halina msukumo wowote isipokuwa ule unaotokana na kimo chake. Lina kibomba cha kupumulia kilicho wazi juu, na maji yake hushuka kwa uzito wake tu. Maji ya baridi ya bafuni, kwa upande mwingine, yanatoka moja kwa moja kwenye bomba la mtaani, ambalo siku za mgao likifunguliwa huwa na msukumo mkubwa zaidi. Pande hizi mbili zinakutana ndani ya miksa ya shawa. Mtu anapomaliza kuoga akafunga maji kwa kitufe kilicho mwishoni mwa mpira, badala ya kufunga vishikio viwili vya miksa yenyewe, njia ya kutokea inazibwa lakini mlango kati ya baridi na moto unabaki wazi. Maji ya baridi, kwa kuwa yana nguvu zaidi, yanaingia kwenye bomba la moto, yanapanda kinyumenyume hadi tankini, yanapoza kilichochemshwa na jua tangu asubuhi, na tanki likijaa kupita kiasi yanatokea kwa juu kupitia kibomba cha kupumulia. Hayo ndiyo maji unayoyaona yakidondoka juu ya paa. Siku ya ukame wa bomba, baridi na moto vyote vinatoka juu na misukumo inakaribiana, basi hakuna anayemshinda mwenzake.

Mnaweza kuthibitisha leo hii bila kumlipa mtu. Subirini siku ambayo maji ya mtaani yanatoka kwa nguvu, acheni miksa ya shawa kama mnavyoiacha siku zote, kisha mpandishe mtu mwenye ngazi imara aifunge koki iliyo kwenye bomba la maji ya moto linaloshuka kutoka tankini. Fungueni koki ya maji ya moto ya jikoni. Kwa kuwa njia kutoka juu imefungwa, maji yaliyosalia bombani yakiisha kunapaswa kuwa kukavu. Kama maji ya baridi yataendelea kutiririka, basi yanatoka kwenye bomba la baridi kwa kupitia miksa, na hakuna maelezo mengine. Fungeni kwa nguvu vishikio vyote viwili vya miksa na mtazame tena. Maji ya jikoni yakikatika mtakuwa mmeshapata mwizi, na kama yataendelea, basi mipira ya ndani ya miksa imekwisha au ipo miksa nyingine, pengine ya sinki au ya bomba la kujisafishia chooni, inayofanya hivyohivyo.

Tiba ya siku ya kwanza ni tabia: kila mtu nyumbani afunge kwenye miksa, si kwenye mpira. Lakini nyumba yenye watoto watatu haiwezi kutegemea tabia peke yake, na tiba ninayoiamini ni kuondoa tofauti ya msukumo. Mwambieni fundi bomba aiondoe baridi ya bafuni kwenye bomba la mtaani na kuiunganisha na tanki la akiba la kwenye mnara, lile lile linalolisha hita, ili baridi na moto vishuke kutoka juu kwa nguvu zinazolingana. Baadhi ya mafundi watapendekeza valvu ya kuzuia maji kurudi kwenye bomba la moto. Nayo husaidia, ila iwe ile yenye kipande kinachoning'inia na kufunguka kwa msukumo mdogo, kwa maana yenye springi ngumu inaweza kuyazuia hata maji ya moto yanayoshuka kwa uzito wake tu.

Kuhusu LUKU, hesabu yake ni hii. Kupasha lita 200 kutoka nyuzi 20 hadi 60 kunahitaji uniti 9 na kidogo, na elementi ya kilowati 2 itafanya kazi hiyo kwa zaidi ya saa nne na nusu, hata kama haipotezi kitu. Mkiwasha jioni huku maji ya baridi yakiendelea kuingia kwa mlango wa nyuma, mnalipa kuchemsha maji yanayomwagika juu ya paa. Inaniuma kwamba mafundi wawili walipanda juu ya paa hilo, wakayaona yale matone, na bado wakabadilisha vifaa vizima.

Kwa wasomaji wengine wenye hita ya mirija ambao dalili zao si hizi, tazameni mirija yenyewe. Kila mrija una kuta mbili za kioo, na katikati yake hewa imeondolewa kabisa, kama ilivyo kwenye chupa ya chai, ili joto lililoingia lisitoke. Ncha ya chini ya mrija ina doa linalong'aa kama fedha. Doa hilo likigeuka kuwa jeupe kama maziwa, hewa imeingia, na mrija huo umekuwa kioo cha kawaida kinachopoteza joto kwa upepo. Ni mrija huo tu wa kubadilishwa, si hita. Mwezi uliopita nilipanda kwenye nyumba moja ya Nkuhungu ambako mirija sita kati ya 20 ilikuwa na ncha nyeupe. Nilipoigusa saa saba mchana kwa nje ilikuwa ya moto, ilhali ile mizima iliyo pembeni yake ilikuwa baridi ingawa maji ndani yake yalikuwa yanakaribia kuchemka. Mgeni angedhani ile ya moto ndiyo inayofanya kazi. Kumbe joto linalohisiwa kwa nje ndilo lile ambalo maji yamelikosa.

Vumbi nalo ni adui wa mji huu. Tangu mvua zinapokatika hadi zinaporudi, paa za Dodoma hupakwa tope jekundu kavu ambalo hakuna mvua ya kuliosha, basi mirija ifutwe kwa kitambaa laini na maji angalau mara moja kwa mwezi, asubuhi mapema kabla ya jua kupanda. Kuhusu asubuhi sisemi kwa mazoea. Mrija uliokauka maji ukikaa juani unaweza kupita nyuzi 200, na maji ya baridi yakiingia ghafla kioo kinapasuka. Hivyo mgao ukiikausha hita, ijazeni usiku au alfajiri, kamwe si mchana.

Mwisho kuna ukoko. Maji mengi ya Dodoma yanatoka katika visima virefu vya bonde la Makutupora, upande wa Mzakwe, na maji ya visimani hubeba kalsiamu na magnesiamu ambazo hugandamana kadiri joto linavyoongezeka, hasa likipita nyuzi 60. Ule ukoko mweupe mnaoukwangua kwenye birika ndio unaofunika elementi na kutuama chini ya mirija. Elementi niliyoitoa katika nyumba hiyo ya Nkuhungu ilikuwa imevimba kwa ukoko kiasi kwamba haikupita kwenye tundu ililoingilia. Ilibidi kuuvunja kwanza kwa vipande, vyeupe na vyepesi kama ganda la yai. Kila mwaka, fungueni elementi, iloweni katika siki hadi ukoko uachie, na mtazame pia ile fito ya magnesiamu iliyo karibu yake, kama tanki lenu linayo. Fito hiyo huwekwa ili iliwe na kutu badala ya tanki, na ikibaki waya mtupu inapaswa kubadilishwa.

SWALI: Mheshimiwa Mtaalamu, binti yangu anasoma Leeds, Uingereza, na amepanga nyumba na wenzake wawili. Nyumba hiyo ina boila ya gesi inayopeleka maji ya moto kwenye rejeta zilizobandikwa ukutani. Ananiambia kwamba chumbani kwake, ghorofani, rejeta ni ya moto chini na baridi juu. Ya sebuleni ni kinyume, juu moto na chini katikati baridi. Kwenye boila kuna saa ndogo inayoonyesha 0.5. Baridi ya huko ilimtesa sana majira yaliyopita, na mwenye nyumba anajibu taratibu. Najua safu yako ni ya mambo ya hapa kwetu, lakini naomba umsaidie mwanangu. — Mzazi, Kondoa.

JIBU: Shikamoo Mzee. Mtambo wa binti yako ni ndugu wa hita za huku kwetu, kwa maana kazi yake ni maji kubeba joto kutoka mahali yalipopashwa kwenda mahali panapohitajika. Tofauti ni kwamba maji hayo hayaogwi, yanazunguka tu ndani ya mabomba na kurudi kwenye boila. Binti yako amekwisha kufanya kazi ngumu kuliko zote, nayo ni kueleza rejeta ipi ni baridi upande gani. Rejeta hizo mbili zina magonjwa mawili tofauti, na dawa ya moja haiwezi kuiponya nyingine.

Rejeta iliyo baridi juu ina hewa ndani. Hewa hupanda, ikajikusanya sehemu ya juu, na maji ya moto hayawezi kufika mahali palipokaliwa na hewa; za ghorofani huathirika zaidi kwa sababu ndiko hewa ya nyumba nzima inakoishia. Azime boila, asubiri rejeta zipoe, kisha atafute kwenye kona ya juu ya rejeta kijipini chenye kichwa cha pembe nne. Ufunguo wake unauzwa kwa bei ndogo katika duka lolote la vifaa vya nyumba huko. Ashike kitambaa chini yake, afungue kinyume cha mshale wa saa kwa nusu mzunguko, bila kuzidisha, na atasikia hewa ikitoka kwa mluzi. Mluzi ukikoma na maji yakaanza kuchuruzika, afunge. Maji ya kwanza huwa meusi na yanachafua zulia, kwa hiyo kitambaa kiwe kikubwa.

Saa ile ya 0.5 inahusiana na jambo hilohilo. Mtambo uliofungwa wa aina hiyo, ukiwa umepoa, huhitaji msukumo wa kati ya bar 1 na 1.5 (bar ni kipimo cha msukumo, na ndicho saa hiyo inachosoma) ili maji yafike ghorofani, na boila nyingi hujizima zenyewe msukumo ukishuka mno. Kutoa hewa kutaushusha zaidi, kwa hiyo baada ya kutoa hewa mtambo unapaswa kuongezwa maji kupitia mpira mfupi wenye valvu ulio karibu na boila, polepole, hadi saa isome karibu 1.2, kisha valvu zifungwe zote. Kama mwenye nyumba hajampa ruhusa ya kugusa valvu hizo, aombe aelekezwe kwa maandishi. Kama baada ya kujaza msukumo unashuka tena ndani ya siku chache, asiendelee kujaza kila wiki. Maji yanatokea mahali fulani, au chombo cha kupokea maji yanayotanuka kimeharibika, na kila maji mapya yanayoingia yanaleta hewa mpya inayolisha kutu.

Kutu ndiyo inayoiua rejeta ya sebuleni. Ndani ya rejeta za chuma, kutu husagika kuwa tope jeusi zito linalotuama chini katikati, mahali ambapo maji hupita kwa uvivu. Hakuna kufungua kipini kutakakoliondoa. Rejeta hiyo inapaswa kushushwa na kuoshwa, au mtambo mzima usukumwe maji na mtaalamu, kisha iwekwe dawa ya kuzuia kutu. Binti yako asijaribu kuishusha mwenyewe.

Mambo mawili madogo yanayoweza kumdanganya. Rejeta ikiwa baridi kabisa juu na chini, ilhali nyingine zote ni za moto, mara nyingi tatizo ni kile kichwa cha namba kilicho pembeni yake. Chini ya kichwa hicho kuna sindano inayopaswa kuzama na kuibuka ikibonyezwa, nayo hunasa ikikaa majira yote ya joto bila kutumika. Na kama rejeta zilizo karibu na boila zinaunguza huku za mbali zikiwa baridi, maji yanapita njia ya mkato, na dawa yake ni kuzibana kidogo zile za karibu kwenye valvu ya upande wa pili ili za mbali nazo zipate sehemu yao.

Sasa, Mzee, kuhusu mwenye nyumba. Sheria ya England ya mwaka 1985 inayohusu wenye nyumba na wapangaji inamtaka mwenye nyumba, katika mikataba ya upangaji ya muda wa chini ya miaka 7, aviweke katika hali nzuri vifaa vya kupasha nyumba na maji joto. Hilo si fadhila. Pia anapaswa kufanya mtambo wa gesi ukaguliwe kila mwaka na fundi aliyesajiliwa na Gas Safe, yaani daftari rasmi la mafundi wa gesi wa huko, na kuwapa wapangaji hati ya ukaguzi. Binti aandike malalamiko yake kwa barua pepe, yenye tarehe na picha za ile saa, badala ya kupiga simu. Naomba pia umkumbushe kwa msisitizo wa baba kwamba kifuniko cha boila asikifungue kamwe, na kwamba kiwepo king'ora cha hewa ya kaboni monoksaidi. Hewa hiyo haina harufu wala rangi. Wakianza kuumwa kichwa na kizunguzungu wote wakiwa ndani, kisha wakapata nafuu wakitoka nje, wazime boila, wafungue madirisha na kutoka.

SWALI: Ninasimamia nyumba ya wageni mjini Singida. Tuna paneli mbili bapa za sola na tanki la lita 300. Saa 12 jioni maji yanaunguza, lakini wageni wanaooga saa 11 alfajiri wanalalamika kwamba ni ya baridi, na hakuna anayeoga usiku kwa wingi. Tatizo lilianza baada ya paa kubadilishwa. Fundi anasema tanki limeoza sufi ya ndani. — Meneja, Singida.

JIBU: Ndugu Meneja, sufi, yaani ile inayolizunguka tanki ili joto lisitoke, inaweza kuwa imelowa, lakini neno lililonishika katika barua yako ni paa kubadilishwa. Hita ya paneli bapa haina pampu. Maji yaliyopashwa huwa mepesi na hupanda tankini, na ya baridi yaliyo chini ya tanki hushuka kwenye paneli kuchukua nafasi yake. Mzunguko huo wa mchana ndio unaokupa maji ya moto. Usiku paneli inapoa kuliko tanki, na kama tanki limekaa chini ya kimo kinachotakiwa, mzunguko unageuka: maji ya moto yanateremka kwenye paneli, yanapoteza joto kwenye anga, na kurudi yakiwa ya baridi. Kwa usiku wa Singida, mji ulio kwenye kimo cha karibu mita 1,500 na wenye upepo usiolala, paneli hizo mbili zinaweza kukausha joto la lita 300 kabla ya adhana ya alfajiri.

Panda juu ya paa saa nne usiku, uguse kioo cha paneli na bomba linalotoka juu yake kuelekea tankini. Saa hiyo vyote vinapaswa kuwa baridi kama bati lililo karibu. Ukikuta bomba lina uvuguvugu, mtambo wako unafanya kazi kinyume. Kisha mchana upime kwa rula ya maji: sakafu ya tanki inapaswa kuwa juu ya ncha ya juu ya paneli kwa takribani sentimita 30. Ninashuku sana kwamba walioezeka upya walirudisha tanki kwenye stendi fupi zaidi, au waliinua paneli kufuata mteremko mpya wa paa bila kuinua tanki. Tazama pia kwamba bomba linalopanda kutoka paneli kwenda tankini linapanda moja kwa moja bila kutengeneza nundu, kwa sababu penye nundu hewa hukaa na mzunguko wa mchana nao utadhoofika. Stendi ya chuma cha pembe inayochomelewa mtaani kwako itagharimu sehemu ndogo ya bei ya tanki jipya, ilimradi mchomeleaji akumbuke kwamba lita 300 ni kilo 300 mbali na uzito wa tanki lenyewe.

Ukiwa huko juu, angalia dira. Singida, kama Dodoma, iko kusini mwa ikweta, na mwezi Juni jua linapita upande wa kaskazini. Paneli zilizorudishwa zikitazama kusini zitakuwa zimeinamia mbali na jua katika miezi ileile ambayo wageni wako wanayahitaji maji ya moto zaidi.

SWALI: Nikigusa koki ya bafuni huku hita imewashwa ninahisi umeme unanitetemesha. Maji pia yanachelewa kupata moto. Je, niendelee kuitumia nikivaa ndala? — Mwalimu, Mpwapwa.

JIBU: Hapana, Mwalimu. Zima breka ya hita sasa hivi, kabla ya kumaliza kusoma jibu hili, na watu wa nyumbani waelezwe kwamba isiwashwe na yeyote. Ndala zilizolowa hazimkingi mtu aliye chini ya maji yenye umeme. Kinachoelekea kutokea ni kwamba ganda la elementi limepasuka, pengine kwa sababu ukoko ulilizuia lisipoe vizuri, umeme unavuja ndani ya maji, na waya wa ardhini wa hita haujaunganishwa au haushiki. Kama ungeshika sawasawa, umeme unaovuja ungepita huko badala ya kupitia mwilini mwako.

Mwite fundi umeme mwenye leseni, si fundi bomba, naye afanye kazi tatu bila kuacha hata moja: abadilishe elementi, apime waya wa ardhini kwa kipimo na si kwa kuutazama, na afunge breka ile inayokata umeme unapovuja, ya milliampea 30, yenye kitufe cha kujaribia. Kitufe hicho kibonyezwe mbele yako kabla hajalipwa. Breka isipojikata, kazi haijaisha na hita ibaki imezimwa. Kwa wiki hiyo watoto waogeshwe kwa maji ya sufuria yaliyochemshwa jikoni.